ZIMA, FUNGA, JARIBU: Tutunze Mashine, Tutunze na Mikono Yetu

Katika msimu mmoja wa kahawa, ndugu yetu mmoja alipoteza vidole vitatu vya mkono wa kuume katika kinu cha kukobolea kahawa, huku kwetu upande wa Kisinga. Hatutalitaja jina lake wala la mwenye kinu. Nia yetu si kumwaibisha mtu. Nia yetu ni kwamba kisa hiki kitufundishe, kwa sababu alilolifanya yeye siku ile ndilo tulifanyalo wengi wetu kila siku, ila sisi bado tunavyo vidole.

Siku ile magunia yalipangwa foleni toka mlangoni hadi barabarani. Kwenye saa kumi za jioni kahawa ilikwama kooni mwa mashine, kwa kuwa ilikuwa haijakauka vizuri. Ndugu yetu akazima swichi, akangoja puli isimame, akaingiza mkono ili atoe kilichokwama. Lakini swichi ilikuwa nyuma ya ukuta, mahali asipoweza kupaona. Mwenzake aliyekuwa akipima magunia akasikia mashine iko kimya, akawaona wateja wananung'unika, akadhani ni umeme uliokatika ukarudi. Akawasha. Yote yalikwisha kwa muda wa kupepesa jicho.

Kesho yake msimamizi alisema, "Ni uzembe wake." Sisi tulikaa na wenzetu wa kinu kile kwa jioni mbili, tukauliza maswali. Tukakuta mambo manne:

(1) Swichi ilikuwa mbali na mashine, na haikuwa na mahali pa kutia kufuli.

(2) Wavu wa chuma uliokuwa ukifunika koo la mashine uliondolewa miezi miwili nyuma fundi alipokuwa akitengeneza. Haukurudishwa. Ulikuwa umeegemezwa ukutani, umeota utando wa buibui.

(3) Hapakuwa na kijiti wala ndoano ya kutolea uchafu. Chombo cha kutolea uchafu kilikuwa mkono wa mtu.

(4) Ndugu yetu hakuwahi kufundishwa. Alimwona aliyemtangulia akitia mkono, naye akatia mkono.

Je, huo ni uzembe wa mtu mmoja? Sisi twasema hapana. Hilo ni shimo lililochimbwa na watu wengi kwa siku nyingi, na mtu mmoja ndiye aliyetumbukia. Basi katika ukurasa huu twataka kueleza jinsi ya kulifukia shimo hilo, kuanzia mashine yenyewe hadi nyundo na panga.

WILAYA YETU NI WILAYA YA MASHINE

Watu wengine hufikiri kwamba sisi wa Kasese na Bwera ni watu wa jembe tu. Sivyo. Mgodi wa Kilembe ulianza kutoa shaba mwaka 1956, mwaka ule ule reli ilipofika Kasese, na kazi hiyo iliendelea mpaka 1982. Kuna saruji ya Hima. Kuna vinu vya pamba. Na siku hizi hakuna kituo cha biashara kisicho na mashine ya kusaga posho au ya kukoboa kahawa. Mashine zimeenea mpaka vijijini. Lakini elimu ya mashine haikuenea kwa mwendo ule ule. Kijana huajiriwa leo, akaonyeshwa swichi leo, na kesho yuko peke yake na injini.

KWA NINI MKONO HAUISHINDI MASHINE

Wengine hujisifu: "Mimi mkono wangu mwepesi." Tufanye hesabu kidogo.

Mota nyingi za umeme zinazotumika katika vinu vyetu huzunguka karibu mara 1,500 kwa dakika. Gawanya kwa 60, utapata mara 25 kwa sekunde moja. Mtu mwenye afya na macho mazuri, akiona hatari, huhitaji karibu robo ya sekunde kabla mkono wake haujaanza kurudi nyuma. Katika robo hiyo ya sekunde mota imekwisha kuzunguka mara sita. Hata injini ya dizeli ya mwendo wa polepole, ile ya mizunguko 600 kwa dakika, huzunguka mara mbili na zaidi kabla hujashtuka.

Kwa hiyo wepesi hauokoi mtu. Kinachookoa ni kwamba mkono usiwepo pale mashine inapoweza kuzunguka.

MANENO MATATU

Twaomba kila mfanyakazi ayashike maneno haya matatu kama anavyolijua jina lake: ZIMA, FUNGA, JARIBU. Yatumike kila mara unapotaka kusafisha mashine, kutoa kilichokwama, kubadili mkanda, kutia grisi ndani ya kifuniko, au kutengeneza chochote.

ZIMA. Usizime kitufe tu. Zima swichi kubwa. Kama ni injini ya dizeli, kata mafuta, kisha ngoja. Gurudumu zito huendelea kuzunguka hata baada ya injini kunyamaza, na misumeno ya kinu cha pamba vivyo hivyo. Usilisimamishe gurudumu kwa mguu wala kwa ubao. Ngoja mpaka usimame kila kitu. Tena kumbuka kuna nguvu iliyojificha: mzigo ulioning'inizwa, springi iliyokazwa, mvuke au maji yaliyo na shinikizo. Teremsha mzigo, legeza springi, fungua shinikizo litoke kwanza.

FUNGA. Hapa ndipo ndugu yetu alipokosa msaada. Swichi ikizimwa, itiwe kufuli, na ufunguo uwe mfukoni mwa yule aliyetia mkono mashineni. Kama watu wawili wanatengeneza, kuwe na kufuli mbili, kila mtu na yake. Mmoja akimaliza mapema, ya mwenzake bado inamlinda. Pale pasipo na kufuli, kuna njia nyingine. Kama mashine ina plagi, ichomoe ukae nayo. Kama ni ya fyuzi, fundi wa umeme aitoe, akupe uiweke mfukoni. Kama ni injini ya kuwasha kwa hendeli, funga bomba la mafuta, uondoke na hendeli. Kisha tundika kibao: USIWASHE, MTU YUMO KAZINI. Kiandikwe kwa Kiswahili na kwa Lukonzo, na kichorwe mkono mwekundu kwa ajili ya wale wasiosoma. Lakini kibao peke yake si kufuli. Kibao huomba, kufuli huzuia.

JARIBU. Baada ya kufunga, ita wenzako wasogee, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia. Mashine isipoitika, umefunga swichi iliyo sahihi. Ikiitika, ulizima swichi ya mashine nyingine, na umejua hayo mkono ukiwa nje. Baada ya kujaribu, rudisha kitufe mahali pa kuzima.

Kazi ikiisha, twende kwa utaratibu. Hesabu spana zako. Spana iliyosahauliwa ndani hutoka kama risasi. Rudisha kila kifuniko. Hesabu watu. Ndipo mwenye kufuli aifungue kwa mkono wake mwenyewe. Mtu asifungue kufuli ya mwenzake kwa kuwa tu mwenzake amekwenda kunywa chai.

Msimamizi atasema kazi hiyo inapoteza dakika. Ni kweli, inachukua dakika tano. Mwambieni hivi: siku ile ya ajali kinu kilifungwa mchana wote wa pili, na wateja wakapeleka kahawa yao kwingine.

MAHALI MASHINE INAPOUMA

Mashine haiumi kila mahali. Ina mahali pake pa kuuma, na yafaa kila mmoja ayajue ya mashine yake:

(a) Pale mkanda unapoingia kwenye puli. Unapotoka ni afadhali, unapoingia huvuta.

(b) Pale magurudumu mawili ya meno yanapokutana, au rola mbili zinazozunguka kukabiliana.

(c) Shafti inayozunguka, hata ikiwa laini. Huikamata nguo, ikaiviringa, mtu akafuata nguo yake. Bolti iliyojitokeza kwenye shafti ni ndoano.

(d) Mahali penye visu, nyundo za kusagia, misumeno au parafujo ya kusukumia nafaka.

(e) Nafasi kati ya kitu kinachokwenda na kitu kilichosimama, kama ukuta.

Mahali hapo pote panatakiwa kifuniko au wavu. Wavu uwe na matundu ambayo kidole hakipiti kufika kwenye hatari. Kifuniko kifungwe kwa bolti, kisifungwe kwa kamba ya mkonge. Nasi tusikubali kuendesha mashine iliyo uchi. Kifuniko kilichoegemezwa ukutani hakimlindi ila ukuta.

Juu ya mavazi: mikono ya shati ikunjwe au ifungwe, na shati lichomekwe. Dada zetu wanaofanya kazi karibu na mashine wasifunge leso yenye ncha zinazoning'inia, na nywele zifunikwe. Pete na mkufu viachwe nyumbani. Glavu ni nzuri kwa kubeba vyuma, lakini karibu na kitu kinachozunguka glavu ni adui, maana hukamatwa, na kidole huenda nayo.

MASHINE HUSEMA KABLA YA KUFA

Wengi huona kwamba usalama ni jambo moja na matengenezo ni jambo jingine. Kwa kweli ni jambo moja. Mashine isiyotunzwa hukwama mara kwa mara, na kila inapokwama kuna mtu anayeingiza mkono. Ukipunguza kukwama, umepunguza ajali.

Tunao mfano mkubwa karibu nasi. Kule Katwe, kando ya ziwa la chumvi, kilijengwa kiwanda kikubwa cha chumvi mwishoni mwa miaka ya 1970. Fedha nyingi zilitumika. Lakini maji ya ziwa lile ni makali, na mabomba yaliyotiwa hayakufaa kwa maji hayo. Yaliliwa na kutu upesi, na kiwanda kikanyamaza muda mfupi baada ya kuanza. Wachota chumvi wa Katwe waliendelea kuivuna kwa mikono, wakisimama katika maji yale yale. Funzo lake ni kwamba chuma hakifi kwa ghafula. Hufa kidogo kidogo, na aliye karibu nacho anaweza kuona.

Aliye karibu ni nani? Ni sisi. Fundi mkuu huja mara moja kwa mwezi, au huja imeharibika. Mwendesha mashine yuko nayo kila saa. Anajua sauti yake kama mama anavyojua kilio cha mtoto wake. Mashine husema kwa njia tano: sauti mpya, joto, harufu ya kuungua, mtetemeko, na mafuta yanayovuja. Moja ya hizo ikitokea, zima, toa habari. Usingoje mwisho wa zamu.

Kabla ya kuwasha asubuhi, fanya haya:

1. Tazama oili ya injini kwa kijiti chake, injini ikiwa imesimama mahali pa sawa. Oili iwe kati ya alama mbili. Iliyo kama maziwa imeingiwa na maji, usiwashe.

2. Tazama maji ya kupoza kabla injini haijapata moto. Usifungue kamwe kizibo cha rejeta ya moto. Maji hayo huruka yakaunguza uso.

3. Fungua chujio la hewa. Maganda ya kahawa na vumbi la pamba huliziba upesi. Injini isiyopumua hutoa moshi mweusi, hula mafuta, na kukosa nguvu.

4. Toa maji na uchafu chini ya tangi la dizeli kama lina kizibo cha kutolea.

5. Tazama mikanda. Uliopasuka au kuota nyuzi ubadilishwe. Bonyeza katikati kwa kidole gumba: ukishuka sana umelegea, utateleza na kuungua, usipobonyea kabisa umekazwa mno, utaharibu beringi. Puli ikiwa na mikanda mitatu na mmoja ukaisha, badilisha yote mitatu, maana mpya utabeba mzigo wa wazee wawili. Na hakuna ruhusa ya kuvisha mkanda mashine ikizunguka, hata kwa aliyefanya hivyo miaka kumi.

6. Jaribu nati na bolti kwa spana. Mtetemeko huzilegeza.

7. Hakikisha kila kifuniko kipo.

Grisi nayo ina kipimo. Beringi iliyokosa grisi huungua. Lakini beringi iliyojazwa grisi kupita kiasi nayo hupata joto, kwa sababu grisi hukorogwa bila nafasi. Tia kiasi kilichoandikwa katika kitabu cha mashine. Futa chuchu ya grisi kwa kitambaa safi kabla ya kupiga pampu, usije ukasukumia mchanga ndani.

Neno moja kwa wale wanaowasha injini kwa hendeli. Kidole gumba kisilizunguke hendeli. Kiwe upande mmoja na vidole vinne. Injini ikirudisha nyuma kwa nguvu, hendeli itateleza mkononi. Gumba likiwa upande wa pili, litavunjika pamoja na kifundo cha mkono. Na injini isiwashwe ndani ya stoo iliyofungwa. Moshi wake una sumu isiyo na harufu. Huleta usingizi, kisha kifo.

Mwisho wa yote, kuwe na daftari la mashine. Daftari la shule la kurasa 48 latosha. Andika tarehe, saa, ulichoona, ulichofanya, na jina lako. "Beringi ya kushoto ina joto, nimemwambia msimamizi." Mstari huo mmoja una kazi mbili. Fundi akija atajua pa kuanzia. Na mtu akiumia, hakuna atakayesema hakuambiwa.

ZANA ZA MKONO

Ajali nyingi za karakana hazitoki katika mashine kubwa. Zinatoka katika vitu vidogo tunavyovidharau.

Nyundo: kichwa kikilegea, kikaze kwa kabari. Kuitumbukiza majini ni dawa ya saa moja. Mti ukikauka kichwa kitaruka.

Patasi: kichwa kikipigwa sana hufura pembeni kama uyoga. Vipande vyake huruka vikaingia jichoni. Kinoe mpaka uyoga uishe.

Tupa: isitumike bila mpini. Ule mkia wake mkali huingia katika kiganja siku tupa inapokwama.

Spana: chagua inayoenea nati. Kubwa mno huteleza, ukapiga ngumi kwenye chuma. Vuta kuelekea kwako kuliko kusukuma, na uhakikishe umesimama imara. Usiongeze urefu kwa kipande cha bomba, itavunjika.

Bisibisi si patasi, wala si mtaimbo. Na usishike kitu kwa mkono mmoja huku ukikifungua kwa bisibisi kwa mkono wa pili. Kitie kwenye jiliwa.

Jiwe la kunolea la umeme ni la kuogopwa zaidi. Kabla ya kufunga jiwe jipya, ligonge kidogo kwa mpini wa mti. Lililo zima hulia kama kengele. Lenye ufa hutoa sauti ya chungu kilichovunjika. Lenye ufa lisitumike. Mwendo ulioandikwa kwenye jiwe usiwe mdogo kuliko mwendo wa mashine. Kiegemeo kiwe karibu na jiwe, nafasi isizidi milimita 3, kazi isije ikamezwa. Unapowasha simama kando, usisimame mbele yake. Usinoe kwa ubavu wa jiwe. Na miwani ya kinga ivaliwe hata kwa kazi ya nusu dakika. Jicho halina kipuri.

SHAMBANI

Wenzetu wa mashambani wasidhani maneno haya si yao. Panga butu ni la hatari kuliko kali, maana hulazimisha nguvu, likateleza. Linoeni kwa tupa mkisukuma mbali na mwili, makali yakitazama nje. Mpini uliopasuka ubadilishwe, usifungwe kwa raba. Mkifyeka kwa mstari, kila mtu awe mbali na mwenzake kiasi cha hatua nne. Mkitembea, panga liwe chini ubavuni, makali nyuma, na lisibebwe begani.

Pampu ya dawa ya mgongoni ni mashine pia. Kila asubuhi ijaribiwe kwa maji matupu. Ikivuja, dawa inakwenda mgongoni mwako. Kichwa kikiziba, kisafishe kwa maji au kwa unyoya wa kuku, usikipulize kwa mdomo.

SHERIA IKO UPANDE WA MIKONO YETU

Uganda ina Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006. Kwa sheria hiyo mwajiri anapaswa kuweka mahali pa kazi salama, kutoa mafunzo, na kutoa vifaa vya kinga bila kumkata mfanyakazi hata shilingi. Penye wafanyakazi 20 au zaidi panatakiwa kamati ya usalama. Mfanyakazi naye ana wajibu wake: asiondoe kifuniko, asichezee vifaa, atoe habari za hatari. Na anayo haki ya kujiondoa mbele ya hatari kubwa iliyo karibu.

Mambo haya si ya Uganda peke yake. Mwaka 1963 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba juu ya kufunika mashine. Mwezi Juni 2022 shirika hilo likaiweka haki ya mahali pa kazi salama pamoja na haki za msingi za mfanyakazi, sawa na haki ya kuwa na chama.

Kuna pia Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2000. Mtu akifa kwa ajali ya kazi na kuacha wanaomtegemea, fidia ni mapato yake ya miezi 60. Aliyepoteza kabisa uwezo wa kufanya kazi huhesabiwa vivyo hivyo. Aliyepoteza sehemu, daktari hukadiria sehemu hiyo, na fidia hufuata makadirio yake.

Katika kisa chetu, ndugu yetu aliambiwa kwanza, "Wewe si mfanyakazi, wewe ni kibarua tu." Hakuwa na barua ya kazi. Lakini palikuwa na daftari la malipo ya kila Jumamosi lenye sahihi yake, na wenzake wanne walikubali kusimama mbele ya afisa wa kazi kueleza walichoona. Wanne hao walihofia kazi yao, lakini walisimama. Baada ya miezi mingi alilipwa. Bila wale wanne na lile daftari, asingepata kitu.

MWENZETU AKIUMIA

Kwanza zima mashine. Kama umeme umemkamata, usimguse kabla umeme haujakatwa. Damu ikitoka, kandamiza jeraha kwa kitambaa safi, na inua mkono juu. Usitie dizeli, majivu wala udongo. Kidole kilichokatika kivingirishwe katika kitambaa safi chenye unyevu, kitiwe katika mfuko wa plastiki uliofungwa, kisha mfuko uwekwe katika maji baridi au barafu. Kidole chenyewe kisiguse barafu. Apelekwe hospitali upesi, iwe Kagando au Bwera, na mtu mmoja aende naye.

Anayebaki afanye kazi ya pili: aandike saa, mahali, mashine gani, kifuniko kilikuwepo au hakikuwepo, na majina ya waliokuwapo. Mwajiri aarifiwe kwa maandishi siku ile ile ikiwezekana, na mwezi mmoja usipite. Afisa wa kazi wa wilaya naye aarifiwe. Mashine isisafishwe wala kubadilishwa mpaka iangaliwe.

TUANZE WIKI HII

Ndugu wafanyakazi, hatuombi mambo makubwa. Wiki hii kila tawi lifanye mambo matatu. La kwanza, mzungukie mashine zenu na kuandika kila kifuniko kisichokuwepo, mkapeleke orodha kwa mwajiri, nakala ibaki kwenu. La pili, mdai kufuli kwa kila swichi kubwa. Bei ya kufuli ni ndogo kuliko bei ya gunia moja la kahawa. La tatu, mnunue daftari la mashine na kuandika mstari wa kwanza.

Ndugu yetu yule alirudi kinuni. Hawezi tena kushika spana kwa mkono wa kuume. Lakini wavu umerudishwa mahali pake, swichi ina kufuli, na kando ya mashine imetundikwa ndoano ya chuma yenye mpini mrefu. Kijana mpya akija, ndugu yetu ndiye anayemfundisha siku ya kwanza. Hasemi mengi. Humwonyesha swichi, humpa ufunguo, kisha huuinua mkono wake.

Tusingoje kufundishwa kwa njia hiyo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na mikono ya kuujengea ni hii hii tuliyo nayo.

Umoja ni nguvu.